Tupeane uzoefu: anime (katuni za Kijapani) au donghua (katuni za Kichina) ipi imekukamata miaka hii ya karibuni, na ipi umeitema?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Huku kwetu ukitaja anime, mtu anaishia Naruto na One Piece. Ukitaja za Wachina unaambiwa "yale mamidoli ya kompyuta." Mimi nasema kwa stori Wachina wameshafika, na ushahidi wangu ni Link Click ya 2021. Vijana wawili wana studio ya picha. Cheng Xiaoshi anaingia ndani ya picha na kuwa yule aliyeipiga, Lu Guang anamwelekeza kutoka nje. Wana saa 12, na yaliyopita hayaguswi. Sasa kuna episodi ya kijijini: mteja anataka watu wake wafikishiwe maneno aliyoshindwa kuwaambia. Xiaoshi anaenda, anacheza nao mpira wa kikapu, anawazoea, ndipo anagundua tetemeko linakuja. Anamlilia Lu Guang amruhusu awaonye. Hapana. Nilizima simu nikakaa tu. Na hapo hakuna ngumi hata moja.

Haya, mwageni ya kwenu. Usitupe jina tu ukasepa, sema ilikukutia wapi.

Mlinzi wa Zamu: Mkuu umeanza na za kistaarabu. Mimi niliingilia donghua ya Battle Through the Heavens, lindoni, kwa bando la usiku. Xiao Yan anaendewa nyumbani kuvunjiwa uchumba mbele ya ukoo mzima, anampa huyo mchumba, Nalan Yanran, ahadi: tukutane baada ya miaka mitatu. Nani ataacha hapo? Raha ya hizi ni kwamba kila mtoto wa kishua anayembeza jamaa, unajua kipigo chake kiko njiani. Tena atatukanwa kwamba ana macho lakini haoni Mlima Tai, yaani hamtambui mkubwa aliye mbele yake, hiyo haikosekani. Ila uvumilivu unahitajika. Donghua nyingine, Soul Land ya kwanza, ilipita episodi 250, na kuna wiki nzima unapewa watu wamesimama wanashangaa.

Mama Zuu: Mimi Frieren. Nilitoka msibani, mdogo wangu akaniwekea. Frieren kazunguka na shujaa Himmel miaka kumi, kwa huyo dada asiyezeeka ni kama wiki. Wanaagana, miaka 50 inapita, anarudi kumkuta mzee mwenye upara. Kaburini analia kwa sababu hakujishughulisha kumjua. Jamani. Madhouse, studio iliyoitengeneza, wangeweza kutulazimisha machozi hapo, wakajizuia. Samahani mkuu, Link Click nimeiona, ni nzuri, lakini haijafika hapa.

Mbongo Chengdu: Ne Zha 2, filamu ya katuni ya Kichina, niliiona huku Chengdu sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina 2025. Taiyi Zhenren, yule mwalimu mnene wa Ne Zha, anaongea kwa lafudhi ya jimbo la Sichuan, ya hapa hapa. Ukumbi ulikuwa unaangua kicheko kabla sijamaliza kusoma maandishi ya chini. Mwongozaji wake, Jiaozi, alisomea famasi huku kabla ya kujifundisha uhuishaji. Filamu ikavuka dola bilioni 2. Kwangu ile ya 2019 ina stori iliyobana zaidi, hii ya pili vita vya mwisho vimekuwa virefu mno. Ila yule adui, Shen Gongbao, na kigugumizi chake! Unamchukia filamu nzima ya kwanza, hii unaanza kumhurumia.

Kijana wa Kona: Mimi niongelee niliyoitema. One Punch Man msimu wa tatu. Msimu wa kwanza, 2015, ngumi ilikuwa inatikisa skrini. Huu wa 2025 picha imeganda, kamera ndiyo inatembea. Nimerudi kurudia msimu wa kwanza.

Mlinzi wa Zamu: Kijana, hiyo tumekusamehe. Mama Zuu, pole kwa msiba. Mleta mada, na donghua ya Lord of Mysteries? Niliiacha njiani. Jamaa anaamka kwenye mwili wa Klein mwenye jeraha la risasi kichwani, kabla hujakaa sawa umeshatajiwa majina kibao.

Mleta mada: Inakimbia kweli, wamebana riwaya ndefu mno. Rudia episodi ya kwanza mchana, siyo lindoni, na usimamishe kila jina jipya likitajwa. Ukimaliza uje hapa tuongee.