Mjadala: Wamarekani wamechoka na magari ya michezo, au viwanda vyao ndivyo vilivyoacha kuyatengeneza?

Wakuu, mwishoni mwa 2023 Dodge ilimaliza kuunda gari lake la michezo, Challenger lenye V8 (injini ya silinda nane), kule Brampton, Canada. Kipindi hichohicho Chevrolet nayo ikaizika Camaro, gari lake la michezo. Tangu hapo hoja ni ileile: Wamarekani siku hizi wanataka pikapu na SUV, kwa hiyo kampuni zao haziwezi kuuza magari ya michezo zaidi ya haya machache yaliyobaki. Mimi nakataa. Hapo mnunuzi anatwishwa lawama isiyo yake.

Tuanze na bei. Ford Mustang ilipozinduliwa New York, Aprili 1964, ilianzia dola 2,368, ambazo kwa thamani ya pesa ya leo ni kama dola 24,000. Ford walichukua vyuma vya Falcon, gari la kawaida la familia, wakavivisha bodi ya kuvutia. Kwa modeli ya 1966 pekee walitengeneza zaidi ya magari 600,000. Mwaka 2024 Mustang zilizouzwa Marekani zilikuwa takriban 44,000, na ya bei ya chini kabisa inapita dola 30,000. Ukitaka V8, jiandae kwa zaidi ya 40,000. Kijana anayeanza kazi atainunua na nini?

Wanaopinga hupenda kutaja Pontiac Fiero, gari la viti viwili lenye injini nyuma ya dereva, kama ushahidi kwamba magari ya aina hii hayana wateja. Haya, tuitazame. GM (General Motors, wenye Pontiac na Chevrolet) waliiingiza sokoni kama modeli ya 1984, mwaka wa kwanza wakatengeneza zaidi ya 100,000. Kwa hiyo wateja walikuwepo! Ila bajeti ilibanwa tangu mwanzo: springi na shokapu za mbele zikatoka kwenye Chevette, za nyuma kwenye Citation, yote magari ya kawaida ya Chevrolet, injini ikawa ya silinda nne isiyo na nguvu ya maana. Baadhi ya zile za kwanza zikawa zinashika moto, jina likaharibika. Mwaka 1988 hatimaye wakaipa mfumo wa springi unaostahili, na mwaka huohuo wakaifuta. Hili linaniuma kuliko yote. Walitengeneza gari nusu, wakalikamilisha, kisha wakaliua.

Pontiac Solstice, nayo ya viti viwili, ilifuata 2005, bei ya kuanzia chini kidogo ya dola 20,000. Yenyewe ilizama pamoja na Pontiac nzima GM ilipofilisika mwaka 2009.

Nakubali jambo moja kwa upande wa pili: gari la viti viwili huuzwa sana miaka miwili ya mwanzo, halafu mauzo hushuka, kwa sababu wenye hamu wameshanunua. Soko la nchi moja halitoshi. Mazda wanalijua hilo, ndiyo maana MX-5, gari lao dogo la viti viwili, wanaiuza dunia nzima, na kufikia 2016 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni moja. Ford walikuwa na hisa za Mazda kwa miaka mingi, somo lilikuwa mezani kwao. Lakini Mustang haikupata usukani wa kulia kutoka kiwandani hadi modeli ya 2015, na Corvette ya Chevrolet, iliyoanza 1953, iliusubiri hadi kizazi cha nane. Uingereza, Australia, Japani, Afrika Kusini, hata sisi Kenya na Tanzania, wote tulikuwa nje ya hesabu.

Na gharama? Toyota waliungana na Subaru kutengeneza gari moja, wakaungana na BMW kutengeneza jingine. Nani aliwazuia Ford na GM kutafuta mshirika?

Tena pikapu haikushinda kwa mapenzi ya wateja peke yake. Mwaka 1964 Marekani ilianza kutoza pikapu za nje ushuru wa asilimia 25, na kwa miaka mingi kanuni za matumizi ya mafuta zimekuwa na masharti mepesi kwa gari kubwa kuliko kwa dogo. Faida ikilindwa hivyo, bosi gani atahangaika na gari dogo?

Anayebisha anitajie gari jepesi na la bei nafuu ambalo kampuni ya Marekani ililiunda vizuri tangu siku ya kwanza, ikaliuza na nje, ikalivumilia miaka kumi, na bado likakosa wanunuzi.