"By" ya Kiingereza inafelisha watoto wanaojua hesabu

MwalimuWaHesabu: Jamani tulijadili hili. Nimewapa fomu wani swali, bei ilikuwa shilingi 1,000 ikawa "reduced by 200", sasa ni ngapi. Wengi wameandika 200. Nikauliza kwa Kiswahili, bei imepungua kwa 200, mikono yote juu, 800! Hapo nimepima hesabu au Kiingereza? Tume ya Makweta, ile ya elimu hapa Tanzania, ilishapendekeza 1982 sekondari ifundishwe kwa Kiswahili, mpaka leo tunazungushana tu.

BabuK: Wafundishe mwalimu, acha kulalamika. By ni kwa, to ni hadi, dakika tano zinatosha. Sisi tulikariri tukafaulu.

MwalimuWaHesabu: Dakika tano? Six divided by two, ni kwa. Sit by the door, ni karibu na. Written by Asha, imeandikwa na. One by one, mmoja mmoja. By Friday, isipite Ijumaa. Mtoto ametoka darasa la saba la Kiswahili juzi tu, akariri zote hizo ndo aanze kugawanya?

MamaPacha: Na "kwa" yetu je? Kwa kijiko, kwa mjomba, kwa miguu, kwa sababu, mita tatu kwa nne. Mbona mnaielewa

MwalimuWaHesabu: Tunaielewa kwa kuwa tumeinyonya, mama. Ndo hoja yangu hiyohiyo.

Kijana_Mza: Hiyo by Friday iliniponza kazini, nilipeleka ripoti Ijumaa saa tisa alasiri bosi akasema nimechelewa, eti by Friday maana yake mpaka Alhamisi iwe mezani

Wanjiru254: Bosi alikosea. By Friday Ijumaa iko ndani. Huku Nairobi tunasomea Kiingereza na bado tunagombania hiyo kila wiki.

BabuK: Ijumaa haimo! Ni kabla ya Ijumaa.

Wanjiru254: Mzee, before ndio kabla. Hiyo ndiyo uliikariri?

BabuK: Binti usinivunjie heshima, nimefanya kazi ofisini miaka 30.

MwalimuWaHesabu: Wazee wangu, mtihani je? Mtoto anayejua 800 anapewa sifuri.

Kijana_Mza: Mwalimu subiri kwanza. Wanjiru, kama Ijumaa imo, ni mpaka saa za kazi ziishe au mpaka saa sita usiku?

Wanjiru254: Saa za kazi.

MamaPacha: Saa sita usiku! Ijumaa haijaisha bado