Namna ya kujifunza kazi ya mwongozaji msaidizi nikiwa Mwanza

Kijana wa Igoma:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimemaliza stashahada ya uandishi wa habari hapa Mwanza, na nimekwisha kubeba taa na vipaza sauti katika tamthilia za hapa mjini. Sasa nataka kuwa mwongozaji msaidizi. Nimesoma kwamba Marekani upo mpango wa mafunzo ya kazi hii ulioanza mwaka 1965, ambao mwanafunzi hulipwa huku akijifunza palepale lokesheni, yaani mahali pa kurekodi. Je, kwa sisi tulio mbali na Dar es Salaam njia ni ipi? Niende TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au nimfuate mwongozaji mmoja mpaka anifundishe?

Mzee wa Lokesheni:
Mdogo wangu, wengi huidhani kazi hii kuwa ngazi ya kupandia kwenye uongozaji, ilhali ni taaluma inayojitegemea. Mwongozaji anafikiria picha; msaidizi wa kwanza anafikiria saa, watu na usalama wao; msaidizi wa pili huandaa ratiba ya kesho na kuhakikisha waigizaji wamefika. Kwetu mtu mmoja hubebeshwa yote, pamoja na kutunza mwendelezo (mavazi na vitu vifanane toka picha moja hadi nyingine), ambayo kwa haki ni kazi ya mtu mwingine.

Usisubiri chuo. Tafuta mswada wowote, ugawe kila ukurasa sehemu nane ili kupima urefu wa kila onyesho, kama ilivyo desturi ya kazi hii, uandike kila onyesho linahitaji nani, vifaa gani, mchana au usiku, kisha upange siku za kurekodi kwa kufuata mahali, si mtiririko wa hadithi. Chukua onyesho la wavuvi wa dagaa wakiwa ziwani na taa zao: ukilipanga wakati wa mbalamwezi, utafika mwaloni ukute mitumbwi imepaki, kwa kuwa mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavutwi na taa, na wavuvi hupumzika. Jua nalo hapa huzama kwenye saa 12:45 jioni hivi, na giza huingia upesi. Chakula cha mchana kikichelewa, onyesho la machweo limekwenda. Mswada hautakuambia hayo, na mtayarishaji atakuwa ameshalipia boti.

Dada wa Nyegezi:
Naongezea kuhusu vibali. Kibali cha Bodi ya Filamu ni lazima, lakini hakikufungulii mwalo. Zungumza mapema na viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa mwalo, na wenye mitumbwi, tena uende mwenyewe, usitume ujumbe. Chuo nacho usikidharau, kwani wanafunzi wenzako ndio watakaokuita kazini baadaye.

Kijana wa Igoma:
Nashukuru sana. Upepo ukichafuka ziwani na mwongozaji bado anataka kuendelea, kauli ni ya nani?

Mzee wa Lokesheni:
Ni yako. Unasimamisha kazi, unawarudisha watu wote nchi kavu wakiwa bado wamevaa majaketi okozi, na ubishi mnaufanyia huko.