Povu linafurika kwenye matangi ya kuchachushia molasi

Msimamizi wa Zamu:
Ndugu wataalamu, natumaini hamjambo. Ninasimamia zamu katika kiwanda kinachotengeneza spiriti kutokana na molasi ya miwa, yaani ule urojo mzito mweusi unaobaki baada ya kutengeneza sukari. Tangu tuanze kutumia molasi ya msimu huu, povu hupanda saa chache tu baada ya kutia hamira, likafika kwenye kifuniko cha tangi na kuziba bomba la kutolea gesi, na mara mbili limemwagika hadi sakafuni. Kila linapopanda tunamimina kwa ndoo dawa ya kuua povu ya silikoni; hushuka papo hapo, lakini baada ya nusu saa hurudi. Je, tuongeze kipimo, au kuna jambo tunalikosea kabla hata ya kufika kwenye dawa?

Mkemia wa Maabara:
Ndugu, usiongeze kipimo kwa sasa. Povu ni gesi iliyofungwa ndani ya utando mwembamba wa kimiminika, na maji matupu hayawezi kuishikilia. Kinachouimarisha utando huo ni protini, gundi za miwa na mabaki ya sabuni. Gesi yenyewe hamuwezi kuikwepa, kwani gramu 180 za glukosi zikichachuka kikamilifu hutoa takriban gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za kaboni dioksidi. Mnachoweza kupunguza ni kile kinachoishikilia. Molasi yenye tope jingi ikichanganywa na maji, ikapashwa moto na kuachwa ituame, huacha sehemu ya uchafu huo chini. Pimeni pia maji ya mwisho ya kusuuzia tangi, kwa maana nimeshaona povu la wiki nzima likitokana na sabuni ambayo haikusuuzwa vizuri.

Kuhusu dawa, silikoni huua povu kwa sababu haiyeyuki: matone yake, yakibeba chembe za silika (unga laini wa madini ya aina ya mchanga) zisizoshika maji, hupenya kwenye utando na kuupasua. Inapomiminwa kwa ndoo mahali pamoja, nyingi hupotea kabla ya kukutana na povu. Tumieni pampu ndogo ya kudondoshea inayoamshwa na kihisi kilichowekwa chini ya kifuniko, ili dawa kidogo itangulie kabla povu halijawa zito, na pipa la dawa likorogwe kwanza ikiwa ni ile nyeupe kama maziwa.

Fundi wa Pampu:
Nakubaliana na mkemia, ila mimi ningeanza na mabomba. Kimiminika kinachoanguka kutoka juu hubeba hewa na kuizamisha, kwa hiyo mdomo wa bomba unapaswa kuwa chini ya usawa wa kimiminika. Kagueni na sili ya pampu (kizuizi cha kuvuja) upande wa kuvuta, kwa sababu upande huo unaweza kunyonya hewa pasipo tone hata moja kuvuja nje. Vilevile msiamini kipima usawa cha mawimbi ya sauti wakati kuna povu, kwani huenda kinasoma uso wa povu. Kipima shinikizo kilichofungwa chini ya tangi hakidanganywi kirahisi hivyo.

La muhimu zaidi ni watu wenu. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa na hutulia kwenye mashimo na mifereji, kwa hiyo povu likimwagika, mtu asishuke huko kusafisha kabla hewa haijapimwa, na asiwe peke yake.

Msimamizi wa Zamu:
Nawashukuru sana, wakuu. Nimekagua leo na kukuta kwamba bomba linalorudisha mchanganyiko kutoka kwenye kipoza joto linamwagia juu kabisa ya tangi, karibu mita 2 kutoka kwenye uso wa kimiminika, na pampu yake huwashwa saa zilezile povu linapoanza kupanda. Kesho asubuhi tunalirefusha hadi chini kwenye tangi moja tu, dawa na molasi vikibaki vilevile, ili tulilinganishe na matangi mengine.