Wenye magari, mkikutana na pikipiki mnaona barabara nyeupe?

Wakuu, habari za jioni. Naandika kwa mkono mmoja, wa kushoto una bandeji mpaka kwenye kifundo, kwa hiyo mnivumilie herufi zikikosewa. Nina hasira na sitaificha.

Nina miezi mitano tangu nianze kuendesha pikipiki. Siyo bodaboda, ni ya kwangu ya kwendea kazini, cc 150. Niliinunua kwa hela ya kikoba baada ya kuchoka kuamka saa 10 usiku ili nigombanie daladala mbili kutoka Madale mpaka Mwenge, hapa Dar es Salaam. Chuo cha udereva nimesoma, jaribio mbele ya trafiki nimefanya, leseni ninayo, bima ninayo. Helmeti nafunga mpaka mkanda unabana kidevu, na riflekta navaa hata jua likiwa kali. Nayataja haya mapema kwa sababu kila niliyemsimulia ameanza kwa kuniuliza hayo, kana kwamba nikikosa kimoja basi aliyenitupa nje ya barabara ana haki.

Lalamiko langu ni moja. Mnapoovateki kwenye barabara ya njia mbili, mkiona kinachokuja mbele yenu ni gari, hata liwe dogo kiasi gani, mnarudi nyuma ya lori mnatulia. Mkiona ni pikipiki, mnatoka tu. Mnapiga full, yaani taa kali, mara mbili, maana yake "toka", halafu mnaendelea kuja. Mmeshaniamulia kwamba mimi ndiye nitakayeshuka kwenye lami. Nani aliwaambia pembeni ya lami kuna barabara yangu?

Jumanne asubuhi, saa 12 na dakika kama 20, nilikuwa nashuka mteremko mmoja kati ya Madale na Goba. Kumeshapambazuka, lami kavu, taa yangu inawaka. Nilikuwa kwenye 45, na pale ni makazi ya watu, mwisho 50. Upande wa pili lori la mchanga linapanda, limejaza mpaka juu, moshi mweusi, mwendo wa mtu anayepanda ngazi na gunia mgongoni. Nyuma yake magari matano au sita. Gari dogo jeupe likachomoka. Siyo lililokuwa nyuma ya lori, ni la tatu kwenye foleni! Yaani alitaka awapite wawili na lori kwa pamoja, kwenye mlima, mahali ambapo mstari wa katikati haukatiki. Akanipiga full. Mimi kwa ugeni wangu nikadhani ananiambia amekosea, ameniona, anarudi. Hakurudi.

Pigeni hesabu wenyewe. Chombo kikiwa kwenye kilomita 50 kwa saa kinakula karibu mita 14 kila sekunde. Yeye 14, mimi 12 na nusu, na kati yetu palikuwa na umbali wa nguzo moja ya umeme hadi nyingine, tuseme mita 50. Hapo ni sekunde mbili. Katika sekunde mbili nitazame nyuma yangu kuna nani, nitazame pembeni kuna nini, niamue, nishuke. Yeye alikuwa na dakika nzima ya kukaa nyuma ya lile lori na kufikiri.

Kwa ambao hamjawahi kushika usukani wa pikipiki, nawaelezeni kuna nini huko pembeni mnakotutuma. Maji ya mvua yamekula udongo, lami imebaki na ukingo uliosimama, kimo cha kiganja cha mkono. Chini yake kuna kokoto, na juu ya kokoto kuna mchanga uliomwagika kutoka kwenye malori hayo hayo. Gari likishuka pale linayumba kidogo, dereva anasonya, anarudi barabarani. Pikipiki ina matairi mawili. Tairi la mbele likiingia kwenye mchanga ule, usukani unakuwa mwepesi ghafla, unahisi kama chini yake hakuna kitu. Mwalimu wangu alinifundisha: ukijikuta mchangani, achia mafuta taratibu, nyoosha mikono, usiguse breki ya mbele. Nalijua hilo vizuri. Lakini vidole vilishaikamata breki kabla akili haijafika. Tairi la mbele likajifunga, nikaenda chini na kiganja cha kushoto kikiwa mbele.

Nilipotulia nilikuwa nimelala ubavu, injini bado inaunguruma, tairi la nyuma linazunguka hewani, mchanga umejaa mdomoni na ndani ya helmeti. Mama mmoja anayekaanga maandazi pale chini aliacha karai lake jikoni akaja mbio. "Mwanangu usisimame kwanza, kaa." Kijana wa boda akasimamisha, akazima injini yangu, akaninyanyulia pikipiki. Mimi nataka kuvua glavu nione mkono, akanishika. "Dada, usivute. Ngoja." Ilikuwa glavu ya kitambaa na imeshikana na nyama. Akachukua chupa ya maji kwenye pikipiki yake, akawa anamwaga kidogo kidogo, anavua kidole kimoja, ananitazama usoni, anahamia kingine. Abiria wake amekaa pembeni anamsubiri, hakulalamika hata neno. Zahanati wakanitoa kokoto saba kwa kibano, nesi akanionesha kwenye kibakuli.

Gari jeupe halikusimama. Yule kijana anasema hata breki hakugusa.

Mkono wa klachi umepinda, saiti mira ya kushoto imepasuka, kikanyagio kimerudi nyuma. Hayo fundi atayatengeneza. Kilichonifanya nikae niandike ni kazini. Nimefika siku ya pili na bandeji yangu, mwenzangu ambaye namheshimu, mtu mzima, ana gari na ananipa lifti mvua ikinyesha, akaniuliza, "Si ungempisha tu?"

Ningempisha wapi? Nilikuwa kushoto kwangu! Yeye ndiye aliyekuwa kwangu! Na ofisi nzima wakaitikia kwa vichwa, mara pikipiki siyo ya mwanamke, mara pikipiki ni jeneza, mara wewe bado mgeni utazoea. Nitazoea nini? Nizoee kuanguka kila mtu mwenye haraka akichoka kukaa nyuma ya lori?

Hapo ndipo mtaniletea habari za bodaboda. Nawasikia. Ni kweli wapo wanaopakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, wanaopita taa nyekundu, wanaotokea kushoto huku umewasha indiketa ya kushoto. Nikiwa kwenye foleni ya Makongo na mimi wananitisha. Wakikosea wakamatwe. Ila niambieni, mimi niliyekuwa upande wangu, kwenye 45, taa inawaka, nalipa kosa la nani? Na hata huyo bodaboda mkosaji, mkikutana naye yuko upande wake, ana abiria mwenye mtoto mgongoni, kosa lake la jana kwenye mataa linawapa ruhusa gani ya kumtupa mtaroni leo? Pikipiki yangu imesajiliwa, ina namba inayoanza na MC, sheria inaitambua kuwa ni chombo cha moto kama hilo gari lako. Hakuna mahali nilipofundishwa kwamba chombo kidogo kinapoteza upande wake kikikutana na kikubwa.

Yapo na mengine, nitayasema kwa haraka. Mnaofungua mlango wa gari upande wa barabarani bila kutazama kioo. Mnaobadilisha taa mnaweka zile nyeupe kali halafu usiku hamshushi full: kioo cha helmeti kikiwa na mikwaruzo, mwanga wenu unasambaa chote, kwa sekunde kadhaa naendesha kipofu. Mnaonipigia honi kwa nyuma kwa sababu nimepunguza mwendo kwenye rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo. Hayo yanauma, lakini bado yananiachia nafasi ya kufanya kitu. Hili la kuja upande wangu halinipi nafasi.

Na akikamatwa? Trafiki akiwepo, faini ni 30,000, analipa kwa simu, safari inaendelea. Lakini sijamwona trafiki akisimama kwenye mlima. Wanasimama na tochi ya kupima mwendo kwenye tambarare, ambako watu hata hawana haja ya kuovateki. Mimi namba ya lile gari sikuisoma, nilikuwa natazama tairi lake la mbele linaelekea wapi, kwa hiyo kituoni ningepeleka nini?

Mume wangu anataka tuiuze. Tumebishana siku mbili. Simlaumu, yeye ndiye aliyepokea simu kutoka kwa mtu asiyemjua saa 12 na nusu asubuhi, na kabla hajaambiwa niko hai alisikia kwanza neno "ajali". Lakini nikiiuza narudi kwenye saa 10 usiku, wanangu naanza tena kuwaona wakiwa wamelala, asubuhi na jioni. Tangu ninunue hii pikipiki nimekuwa nikiwanywesha chai mwenyewe kabla sijatoka. Sitaiuza.

Jumatatu mkono ukiniruhusu nitashuka tena mteremko ule, saa 12 na dakika zake, upande wangu wa kushoto, taa inawaka, na riflekta ya njano. Lori la mchanga litakuwepo, linakuwepo kila siku. Wewe uliye nyuma yake, ukiniona naja, usipige full. Baki hapo hapo ulipo mpaka nipite.