Naomba ushauri: nani anapaswa kuthibitisha, baba au mdogo wangu?

Ndugu zangu, ninaishi Ujiji, Kigoma, ambako mdogo wangu ametutamkia kwamba haamini tena kuwa Mungu yupo. Baba anamtaka athibitishe kuwa hayupo. Yeye hujibu kwamba, kama ilivyo mahakamani, jukumu la kuthibitisha ni la anayedai, na hutoa mfano wa mwanafalsafa Bertrand Russell wa mwaka 1952, wa birika la chai linalozunguka Jua kati ya Dunia na Mirihi, dogo mno hata darubini zisilione: hakuna awezaye kuthibitisha kuwa halipo, lakini hilo halimlazimu mtu kuamini kuwa lipo. Mimi ni muumini, na hoja hiyo naiona nzito, ingawa anayetamka kwa yakini "hayupo" naye amedai. Nizungumze nao vipi, nisimvunjie baba heshima wala kumnyamazisha mdogo wangu, ambaye siku hizi hali nasi tena chakula cha jioni?