Je, ni haki kulazimisha taasisi za Tanzania kutumia kikoa cha .tz?

Desemba 2016, Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, alifikishwa katika Mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam, na miongoni mwa mashtaka aliyosomewa lilikuwamo la kuendesha kikoa, yaani jina la tovuti, kisichosajiliwa Tanzania, kwa kuwa anwani ya mtandao huo iliishia na .com badala ya .tz. Swali lililozuka siku ile bado linanikera, nami naliweka hapa tulijadili: je, dola ina haki ya kumwadhibu mtu kwa sababu anwani yake haina msimbo wa nchi?

Mimi ni mtetezi wa .tz. Anwani ya go.tz hupewa taasisi za serikali peke yake, kwa hiyo kijana anayetafuta ajira, akikuta tangazo la wizara kwenye anwani ya .com, ana sababu ya kusita kabla ya kutuma nakala za vyeti vyake pamoja na ile ada ya usajili anayodaiwa. Tapeli anaweza kuiga nembo, rangi, hata saini ya katibu mkuu, lakini go.tz si rahisi kuipata. Kwangu hilo linatosha kuzitaka taasisi zote za umma zitumie kikoa cha nchi bila hiari. Ubishi uko kwa kampuni, asasi za kiraia na vyombo vya habari.

Wapo wanaodai kwamba .tz hulinda taarifa za Watanzania, na hapo ndipo wanapochanganya mambo. Kikoa ni jina tu linaloelekeza ilipo seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti; tovuti yenye .tz yaweza kuwa imehifadhiwa Ujerumani, na yenye .com ikawa kwenye seva iliyoko Dar es Salaam. Kinachobadilika ni nani mwenye uwezo wa kuliondoa jina. Mwaka 2012 Marekani iliitwaa bodog.com, tovuti ya kamari, ingawa jina lilisajiliwa kupitia kampuni ya Kanada, kwa sababu rajisi nzima ya .com, yaani daftari la majina yote yanayoishia hivyo, huendeshwa na kampuni ya Verisign, ambayo iko chini ya sheria za Marekani. Miaka miwili kabla ya hapo, Libya iliifuta vb.ly, iliyokuwa ikifupisha anwani za tovuti, kwa maelezo kwamba maudhui yake yalikwenda kinyume na sheria za Kiislamu. Kila kikoa kina mwenyewe.

Mfanyabiashara wa Mwanza ana faida ya wazi akichagua .tz, maana mgogoro wa jina ukitokea utasikilizwa nyumbani, kwa lugha anayoijua na gharama anayoimudu. Gazeti linalochunguza matumizi ya fedha za serikali lina hali tofauti kabisa: lina sababu halali ya kuliweka jina lake mahali ambapo yule linayemchunguza hawezi kulifikia kwa simu moja. Kuugeuza uamuzi huo kuwa kosa la jinai ni kumnyang'anya mhariri kinga yake, na kuifanya .tz ionekane kamba ilhali ingeweza kuwa fahari.

Wanaotetea shurti naomba wanijibu: jina la chombo cha habari likizimwa leo kwa amri ya ofisi, kabla mahakama haijasikiliza shauri, wasomaji wake watakipata wapi kesho asubuhi?